Mashine Haikulia

1.

Vitu alivyovitoa Luhende mchangani asubuhi ya Idd Pili, ufukwe wa Mbweleo:

vizibo vya soda, tele
ufunguo wa pikipiki
sarafu, nyingine zimeshaliwa na chumvi
hereni moja, pacha yake haipo
kijiko
pete ya dhahabu, ndani imechorwa majina: *Twalibu na Mwanahija*


2.

TANGAZO

Mtu yeyote atakayeokota mali ya mgeni katika eneo la ufukwe anaagizwa kuiwasilisha Ofisi ya Mtendaji wa Kata ya Mbweleo ndani ya saa ishirini na nne. Atakayekaidi atachukuliwa hatua kali za kisheria.
KWA AMRI.

(Kibao kimeliwa na kutu. Luhende huanikia shati lake hapo.)


3.

Huyu Luhende ni Msukuma aliyekimbia machimbo ya dhahabu baada ya shimo kumfukia nduguye. Alichoondoka nacho ni ditekta tu: fimbo ndefu, chini ina sahani, juu ina vya kuvaa masikioni. Ikipita juu ya chuma au dhahabu, inalia. Kule alitafuta riziki chini ya mwamba. Huku anatafuta walivyosahau watu wa mjini waliokuja kuogelea sikukuu.


4.

Pete ilikuwa mfukoni, bado ina mchanga, mwenyewe alipotokea. Mwanamke kijana, baibui limelowa hadi magotini, macho yamevimba.

"Kaka, samahani. Hujaona pete? Jana tulikaa hapa, chini ya huu mti wa mvinje. Niliivua nimpake mtoto mafuta."

"Sijaona, dada."

"Mume wangu aliyeyusha bangili ya marehemu mama yake ili nivishwe ile. Sasa anasema nimempa mwanaume."

Hapa, msomaji, palikuwa na nafasi. Mkono wa Luhende ulishaingia mfukoni. Ukaigusa pete. Uka…


5.

"Bahari ikichukua, dada, imechukua."


6.

Sonara wa mjini aliisogeza kwenye taa, akasoma majina, akairudisha juu ya kioo kwa ncha ya kidole.

"Hii ina wenyewe. Wapelekee."

Luhende akaitia kwenye kopo la mafuta ya mgando, akalisukuma uvunguni. Angerudi kesho aseme ameiona. Kesho yake aliona haya. Keshokutwa haya zikawa zimeota ndevu.


7.

Kwenye karai la Bi Mgeni, muuza mihogo, mbele ya Luhende anayesubiri zamu yake:

"Yule mwenye chekeche, anayechekecha mchanga kila Jumapili. Kashaachwa."

"Kwa ajili ya pete?"

"Pete! Na mtoto kanyang'anywa. Kale katoto kake, Shemsa, kana miaka minne. Baba mtu kasema malaya halei mtoto wa kike."

"Mh! Makubwa."

"Niongeze pilipili, Msukuma, au inatosha?"

Inatosha.


8.

Jumapili zilivyokuwa:

Mwanahija huchekecha. Luhende hupita na mashine.

"Kaka, pitisha na hapa."

Hupitisha.

"Na hapa, tafadhali."

Hupitisha. Anajua hakuna kitu. Katika wanadamu wote, yeye ndiye anayejua hakuna kitu.

Siku moja mashine ililia. Mwanahija akajitupa chini, akachimba kwa kucha, huku akisema ya Rabi, ya Rabi.

Kizibo.

Akakifuta kwa upindo wa kanga, akampa. "Chukua, kaka. Ni chako."


9.

Mwezi wa nane tangu Idd Pili. Usingizi haukumjia tena Luhende, wala mihogo haikumshuka. Jumapili hiyo hakuvaa mashine. Alinyoosha kiganja tu.

Mwanahija hakupiga kelele. Aliibusu pete. Kisha, kabla Luhende hajauvuta mkono wake, akaubusu na huo.

"Umeipata lini?"

"Leo asubuhi."

Akakimbia, chekeche ameliacha. Leo mtoto atalala kwangu, alikuwa akisema, leo mwanangu atalala kwangu.

Furaha yake ilidumu mpaka mlangoni kwa Twalibu.


10.

BARAZA LA USULUHISHI, KATA YA MBWELEO
Muhtasari wa shauri la malezi ya mtoto Shemsa Twalibu

Mlalamikaji (mama) alileta pete kama kielelezo kwamba ilipotea na wala hakuigawa. Alimleta shahidi mmoja, mwokotaji.

Mlalamikiwa (baba) aliomba kumuuliza shahidi. Aliruhusiwa.

SWALI: Mashine yako hupita ufukweni mara ngapi?
JIBU: Kila siku.
SWALI: Chini ya mvinje?
JIBU: Na hapo.
SWALI: Ni nzima?
JIBU: Nzima.
SWALI: Miezi minane inapita, haikulia. Juzi ikalia. Pete ilikuwa wapi?

Shahidi alitazama kielelezo.

Mlalamikiwa aliliambia Baraza: "Waheshimiwa, haikuwa mchangani. Ilikuwa kwa mwanaume. Wamechokana, kairudisha. Mimi sina la ziada."


11.

Kweli tupu. Ilikuwa kwa mwanaume. Uvunguni kwa mwanaume, kwenye kopo.

Luhende anaweza kusema: *Ilikuwa kwangu, niliificha tangu Idd Pili.* Wataandika: mwizi. Au watamtazama yeye, watamtazama Mwanahija, waandike lile jingine: hawara. Au wataamini, na mtoto atarudi kwa mama yake. Hajui lipi. Mwenyekiti ameinua kalamu.

"Shahidi, kwa mara ya mwisho. Pete hii uliipata lini?"

Mwanahija amemgeukia. Uso wake umetulia kabisa, kama mtu aliyefikishwa kwao.


12.

JIBU: Juzi, mheshimiwa.

Baraza limeona maelezo ya shahidi hayalingani na mazingira. Mtoto ataendelea kukaa na baba. Kielelezo kirudishwe kwa mlalamikiwa, aliyekitengenezesha.


13.

Nje, Twalibu alimpandisha mtoto kwenye pikipiki. Shemsa alimpungia mama yake mkono, akafundishwa kuushusha.

Luhende alitaka kupita pembeni. Mwanahija akamwita.

"Kaka Luhende. Ahsante."

"Dada, mimi…"

"Hapana. Ndugu zangu wa damu wameogopa kuja. Wewe mtu wa mbali umesimama, umesema kweli. Kutokuamini ni kwao."

Akajifunga kanga vizuri kiunoni. Hakuwa analia, kilio kilimwishia Jumapili nyingi zilizopita.

"Nina ombi moja tu. Nipeleke ukanionyeshe pale ulipoiokota. Nipaone. Nijue nilikosea hatua ngapi."

Akatangulia Luhende, yeye nyuma. Wakashuka hadi mchangani, wakaupita mvinje, wakaendelea. Ufukwe wa Mbweleo ni mrefu. Luhende alitembea akiutazama mchanga mbele yake, akichagua mahali pa kusimama.