Maharagwe Yaliyoshuka Mpofi

Kwenye kilima alikoolewa Verdiane, juu kidogo ya Masisi, wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Si kwamba wanaume walikuwa wamekufa. Walikuwa Mpofi, kule chini kwenye misitu ya Walikale, wakichimba kasiterite, lile jiwe jeusi zito ambalo kampuni ya Wazungu ililiyeyusha ikapata bati. Damascène, mume wa Verdiane, alikuwa katika mwaka wake wa tatu huko.

Kila mwisho wa mwezi kamio, lile lori la kampuni, ilipanda kutoka Mpofi, na ndani yake mlikuwa na mfuko wa bahasha za mishahara. Léopold, karani wa ofisi ya Masisi, alisimama barazani akasoma majina, na kila mwanamke akapokea bahasha ya mumewe. Verdiane alifanya kama wenzake. Alitenga ya kodi, akanunua chumvi na sabuni, akampelekea baba mkwe wake, mzee Kanyamibwa, tumbaku yake, na kilichobaki kikaingia kwenye shule ya binti yake Joséphine-Marie kwa masista. Hakuwahi kufikiri kwamba bahasha ile ilikuwa na kazi nyingine duniani zaidi ya kulisha nyumba yake.

Mwaka 1953 mvua ilinyesha kama kwamba mbingu ilikuwa na kesi na milima. Mwezi wa nne mto mkubwa ulio kabla ya Mpofi ulifurika, ukabeba daraja zima, magogo na misumari yake. Kamio haikupanda. Wanawake walisubiri wiki moja, wiki mbili, kisha mwezi wa tano nao ukapita.

Mwanzoni Verdiane hakuhofu, maana shamba lake lilikuwa limezaa maharagwe hadi akakosa pa kuyaweka. Alijitwisha kitunga, akateremka hadi soko la Sake kuuza. Alikaa tangu asubuhi mpaka jua likaelekea milimani, hakuna aliyemuuliza bei. Soko lenyewe lilikuwa limepoa. Mchinjaji aliyezoea kuangusha mbuzi watatu alikuwa na mmoja tu, tena nusu yake ilikuwa bado inaning'inia. Fundi wa nguo alilala juu ya cherehani yake. Wanawake wa samaki walikuwa wakirudisha samaki wao nyumbani.

Alipoinuka kuondoka, Papa Benoît, muuza chumvi, alimwita.

"Mama Verdiane, unauzisha maharagi kwa nani?"

"Kwa wenye njaa, Papa."

"Njaa iko. Makuta ya kununua njo haiko." Alikung'uta kigunia chake cha chumvi. "Miye nilikuwa nafikiri niko naishi na chumvi. Kumbe niko naishi na mabwana yenu ya Mpofi. Beye banatuma, nyinye munanunua kwangu, miye nanunua samaki, mama wa samaki anaenda kwa fundi, fundi anakula mbuzi. Hata Bula Matari, serikali ya Wazungu, anangojea kodi yake mule mule. Sasa daraja moja inaanguka, angalia: sisi bote tunaanguka mu maji."

Verdiane alipanda mlima na mzigo wake uleule, lakini maneno ya Benoît yalimlemea kuliko maharagwe. Njia nzima aliwaza jinsi soko zima, pamoja na watu asiowajua kwa jina, lilivyokuwa limesimama juu ya mabega ya Damascène na wenzake, na wenyewe hawajui.

Siku chache baadaye akapita kilimani mwindaji wa Mpofi aitwaye Hilaire, amekuja kwa miguu kubadilisha nyama aliyoikausha ili apate chumvi. Wanawake walimzunguka kama siafu. Wanaume wako hai?

"Beko bazima," Hilaire alisema. "Lakini beko banakonda. Posho yao ilikuwa inashuka na kamio. Sasa ni muhogo asubui, muhogo mangaribi. Kule muntu mwenye kuwa na maharagi anaweza kupatia hata nyani bwana."

Wanawake wakacheka. Verdiane hakucheka.

"Wewe umevuka mto namna gani?"

"Sisi batu ya pori hatungojake Wazungu, Mama. Tulisha kufunga daraja ya kamba. Kamio haiwezi kupita. Muntu anapita."

Verdiane alitazama vitunga vyake vilivyojaa, akatazama njia inayoshuka upande wa magharibi. Kabla Hilaire hajamaliza kunywa maji, alikuwa ameshamwambia jirani yake Drocella kwamba atayapeleka maharagwe Mpofi, na Drocella hakuwa mtu wa kuweka jambo tumboni. Mpaka jioni wanawake kumi na mmoja walikuwa wamekubali.

Asiyekubali alikuwa Kanyamibwa. Alimwita mkaza mwanawe, naye Verdiane akapiga magoti mlangoni jinsi ilivyopasa.

"Nimesikia unataka kwenda mu pori," mzee alisema. "Mwanamuke hafuatake makuta ya bwana yake. Makuta njo inamufuata."

"Ni kweli, Papa. Lakini hii imeanguka mu maji. Haina miguu ya kutufuata."

"Na kama wewe pia unaanguka?"

"Damascène anakula muhogo mutupu, Papa. Miye niko na maharagi yanaoza."

Mzee akawasha tumbaku yake. Verdiane aliondoka bila ruhusa wala katazo, na moyo wake ulimuuma, kwa sababu mzee yule hakuwahi kumtendea baya. Asubuhi alipofungua mlango alikuta gunia limeegemezwa ukutani: maharagwe meupe ya Kanyamibwa mwenyewe, yale aliyoyatunza kwa mbegu.

Ikabaki karatasi ya ruhusa, maana siku zile mtu hakutoka teritware moja, yaani wilaya, kwenda nyingine bila muhuri wa ofisi. Léopold alikuna kichwa. Wanawake kumi na mmoja kwa pamoja, bila wanaume! Bwana mkubwa angesema nini?

"Kodi ya kilima chetu imefika ngapi mwaka huu, Papa karani?" Verdiane aliuliza kwa upole.

Léopold alitazama kitabu chake kikubwa, kisha dirishani. Akavuta muhuri, akaupiga mara kumi na moja. Kwenye kila karatasi aliandika kwamba mama huyu anakwenda kumsalimia mumewe, na hapakuwa na uongo ndani yake.

Walitembea siku tatu, kamba za vitunga zikiwabana kwenye paji la uso. Siku ya kwanza walikuwa bado kwenye milima yao, wakiimba nyimbo za kanisa. Siku ya pili miti iliwafunika, ardhi ikawa laini kama ugali, na nyimbo zikapungua. Walilala kwa katekista mmoja aliyewapa ndizi, wakamwachia maharagwe. Siku ya tatu wakasikia mto kabla ya kuuona.

Daraja la kamba lilining'inia kati ya miti miwili, jembamba, likitikisika hata bila mtu. Hilaire alikuwa amewatangulia. Alisimama upande wao pamoja na mzee wa ukoo wake. Mzee yule alitafuna jani, akalitema majini, akazungumza na wahenga kwa sauti ndogo. Drocella alipiga ishara ya msalaba mara mbili.

"Mungu na wahenga, bote babili basikie," alisema.

Verdiane alitangulia. Katikati ya daraja kitunga kilimvuta nyuma, mguu ukatumbukia kati ya kamba, na maji ya rangi ya matope yakapita chini yake yakinguruma. Alifumba macho. Akamkumbuka binti yake, akakumbuka gunia la mzee, akaona haya kufa na mbegu za mtu. Akauchomoa mguu polepole. Alipokanyaga udongo wa ng'ambo alikaa chini, akacheka mwenyewe mpaka machozi yakamtoka. Nyuma yake wengine kumi wakavuka, mmoja mmoja, na hakuna hata punje iliyopotea.

Damascène alikuwa akitoka mgodini, mwekundu wa udongo toka nywele hadi vidole, alipomwona mkewe amesimama kambini. Alidhani ameletewa habari ya kifo.

"Nani amekufa?"

"Hakuna mwenye kufa. Nimekuletea chakula."

Alimtazama, akatazama kitunga, akainamisha kichwa.

"Njo miye napashwa kukulisha wewe," alisema taratibu. "Unanipatisha haya mbele ya batu."

"Basi kula haya pamoja na maharagi," Verdiane alijibu, na wanaume waliosikia wakapasuka kwa kicheko, naye Damascène akashindwa kujizuia.

Usiku ule kambi nzima ilinuka maharagwe na mafuta ya mawese. Damascène alikula sahani tatu, kisha akashika mkono wa mkewe mbele ya kila mtu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata kijijini. Asubuhi maharagwe yote yalikuwa yamenunuliwa. Mweka fedha wa kampuni, aliyekuwa na bahasha za miezi miwili bila gari la kuzipeleka, aliwaita wanaume watie sahihi na kuwakabidhi wake zao. Wale ambao wake zao hawakuja walikwenda kwa Verdiane mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akitaja kilima chake na jina la mama wa watoto wake. Alifunga bahasha zote tumboni kwa kitenge, akapanda nazo milimani kama mwenye mimba ya kijiji kizima.

Wiki iliyofuata mchinjaji wa Sake aliangusha mbuzi wanne. Papa Benoît alimpimia Verdiane chumvi mpaka kibaba kikafurika, na Kanyamibwa akarudishiwa mbegu zake maradufu, akajifanya kuzikagua kama zina dudu ili asionekane anatabasamu.

Daraja lilijengwa upya mwezi wa nane. Kamio ikaanza tena kupanda na bahasha, lakini sasa ilipoteremka haikuteremka tupu: Verdiane na Drocella walikaa juu ya magunia yao, wakilumbana na dereva kuhusu nauli. Wakati wa Noeli, Damascène alipomaliza mkataba wake, kapita, msimamizi wa mgodi, alimwita atie sahihi mwingine. Aliomba siku moja ya kufikiri, akaenda kumuuliza mkewe, aliyekuwa kambini akiuza maharagwe.

"Unataka nini wewe?" Verdiane alisema.

"Nataka kulala nyumbani. Lakini naogopa. Makuta itatoka wapi?"

"Mabwana ya wengine bangali mu mugodi, na beko na njaa kila siku. Miye peke yangu siwezi kubeba yote."

Hakutia sahihi. Mwezi wa kwanza aliteremka Mpofi juu ya kamio, amekaa kati ya wanawake wawili na magunia kumi na manne, na wenzake wa zamani walipomwona walimpigia makofi kutoka mgodini. Verdiane alimkabidhi mizani, akamwonyesha mahali pa kusimama, na Damascène akaanza kupima.