Namba Tasa ya Shemeji

Mchapaji alimdharau shemeji yake waziwazi, na hakuona sababu ya kuificha dharau hiyo. Mume wa dada yake alikuwa mhadhiri wa hisabati, mtu wa kujikweza, na tangu aoe alikuwa akimwita "bibi karatasi". Mtu hajui hata kufungua dirisha lililokwama, lakini domo!

Asubuhi moja shemeji huyo alikuja kukagua nakala ya majaribio ya kijitabu chake. Pale kiwandani mteja asiposaini, mashine haizunguki. Akisaini, kosa ni lake. Saa nane mchana kamati ingekaa kuchagua mkuu wa idara, na shemeji alitaka kila mjumbe akute kijitabu mezani. Jalada lilikuwa na namba moja tu, 510,511, na chini yake: "Namba Tasa". Yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe.

"Shemeji, hii inagawanyika," mchapaji alisema. "Kwa kumi na tisa. Inatoka 26,869, bila baki."

Shemeji alicheka mpaka akashika meza. "Bibi karatasi naye kawa mwanahisabati! Sikiliza. Nimechukua namba tasa zote, kuanzia mbili mpaka kumi na saba, nikazizidisha, nikaongeza moja. Gawanya kwa yoyote kati ya hizo, inabaki moja. Sasa itagawanyika kwa nini?"

"Kwa ambayo hukuizidisha. Kumi na tisa haimo."

Shemeji akachukua kikokotoo kwa vidole viwili, akabonyeza. Akabonyeza tena. Jasho likamtoka, na mchapaji akafurahi, hana haja ya kudanganya.

"Wale wajumbe," shemeji alisema mwishowe, "hakuna hata mmoja atakayegawanya."

Akasaini.

Mchapaji aliguna, akawasha mashine. Liwalo na liwe, sahihi si yake. Na kweli, hakuna aliyegawanya. Wasomi saba walilitazama jalada, wakatikisa vichwa kwa heshima, wakanywa chai, wakampa ukuu. Mchapaji aliwacheka wote wanane wiki nzima.

Muhula ulipoisha, dada yake alimletea kazi nyingine kutoka kwa mumewe: mwongozo wa kusahihishia mtihani wa mwaka wa kwanza, nakala za wasahihishaji. Mchapaji akausoma akiwa amesimama. Swali la nne: "Je, 510,511 ni namba tasa?" Jibu: "Ndiyo. Atakayesema inagawanyika apewe sifuri."

"Mbona huwashi mashine?" dada yake aliuliza. "Karatasi zimekwisha?"

Mchapaji alilisoma jibu tena. Binti yake mwenyewe alikuwa mwaka wa kwanza chuoni hapo. Jana tu alirudi kutoka kwenye mtihani huo, akatupa mkoba kitini na kumkumbatia.

"Mama, swali la nne lilikuwa mteremko! Nimemwandikia baba mkubwa vigawo tasa vyote vitatu: kumi na tisa, tisini na saba, mia mbili sabini na saba. Atanionea fahari, utaona."