Mkono wa Ukweni

Wasioijua besiboli hudhani ni mchezo wa kupiga mpira kwa gongo. Mwalimu Abdulrahmani, mtu wa Pangani aliyetupwa na serikali kwenye chuo cha ualimu huko Kasulu, alikuwa harudii jambo jingine kila jioni: mchezo wote uko kwenye mkono wa mrushaji. Na mrushaji aliyempata ni Benedicto, mwanachuo aliyekulia Kitanga akiwatimua nyani kwa mawe kwenye mahindi ya mama yake. Alimnoa kwa mipira michakavu aliyoachiwa na Mjapani mmoja wa kujitolea, hadi wadakaji wakawa wanagoma kusimama mbele yake.

Mwishoni mwa mwaka 2014 ikaja habari iliyomnyima Benedicto usingizi. Wamarekani wanaotafuta warushaji kwa ajili ya ligi kubwa ya kwao wangefika Dar es Salaam, na wangeondoka na kijana mmoja tu. Mwalimu alikuwa ameshapeleka jina lake.

"Kuanzia leo mkono huo usishike kitu," Mwalimu alimwambia. "Hata ndoo ya maji. Umeuchosha, uache upoe. Ukiuharibu sasa, mwanangu, safari imekwisha."

Benedicto alisikia vizuri. Shida ni kwamba alikuwa mchumba wa mtu. Posa yake kwa Yusta ilikuwa imepokelewa Nyakitonto, na mtu mwenye akili zake hasafiri mbali bila kuaga ukweni. Alichosahau, mjinga wa watu, ni kwamba mvua zilikuwa zimeanza. Aliwakuta wote shambani, baba yake Yusta, Mzee Niyibizi, na wanawe, wakifungua pori jipya la kupanda mahindi. Na yeye huyo anatokea amevaa shati la kupigwa pasi.

"Mwakeye, mkwe!" mzee alimpokea. "Umetuletea mkono."

"Mwakeye, baba. Nimekuja kuaga tu. Mwalimu kasema niupumzishe mkono."

"Pole. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Una kidonda?"

"Sina, baba. Mzima kabisa."

Mashemeji wakasimamisha majembe, wakatazamana. Sasa uwaeleze nini watu hawa? Kwamba mkono mzima, wakati wa kulima, unapumzishwa ili ukarushe mpira? Mmoja alichekea puani. Yusta, aliyekuwa akifuata nyuma na kikapu cha mbegu, aliinamisha uso, na aibu ile ya Yusta ndiyo iliyomshinda Benedicto. Akavua shati, akapokea jembe.

Laiti angelima kivivu! Lakini ukweni hakulimwi kivivu. Aliwaacha mashemeji nyuma, akatimua udongo mwekundu kama mtu aliyetukanwa, hadi jembe lilipokita kwenye kisiki kilichojificha. Akalivuta kwa nguvu zote, na ndani ya bega kitu kikaachia. Hakupiga kelele. Alimaliza sehemu yake kwa mkono wa kushoto, machozi yakichanganyika na jasho, huku nyuma sifa zikimiminika.

Walipotengewa ugali wa muhogo, mkono ulikataa kufika kinywani. Kula kwa kushoto mbele ya baba mkwe hakuthubutu, akawa anainamisha kichwa hadi karibu na sahani. Mama mkwe akasema maskini, mtoto ana njaa.

Dar es Salaam mpira wake wa kwanza ulidunda katikati ya njia. Wa pili haukufika hata hapo. Mzungu aliyeshika kifaa cha kupima mwendo alikishusha taratibu, akatabasamu kwa adabu, akaita jina lililofuata.

"Ulishika nini?" Mwalimu Abdulrahmani alimuuliza kando.

"Jembe."

"Jembe la nani?"

"La ukweni."

Mwalimu alifungua kinywa amtukane, kisha akakifunga. Naye alikuwa ameoa. Akampokea begi, wakatoka uwanjani.

Daktari wa Kabanga alisema bega halitarudi lilivyokuwa. Alipopelekwa Kibondo kwa mazoezi ya kufundisha, Benedicto aliandika chini kabisa ya ubao, na watoto wa nyuma wakalazimika kusimama ili wasome. Ukweni hakumweleza mtu. Angeanzia wapi, bila kuwaambia kwamba wao ndio chanzo?

Mahindi ya pori lile yalipofikia kuchomwa, aliitwa ayaonje. Mzee Niyibizi alichagua hindi nono kuliko yote, akamnyooshea. Benedicto alipeleka mkono wa kulia, ukakwama kiunoni. Akaushika kiwiko kwa mkono wa kushoto, akaunyanyua, akapokea.

"Mnaona?" mzee aliwageukia wanawe, amefurahi kwelikweli. "Anapokea ameshika kiwiko. Huyu kalelewa! Msimu ujao tunafungua na ng'ambo ya kijito. Mkono tunao."

"Sawa, baba," alisema Benedicto, akainamisha kichwa kulifuata hindi.