Aliyechoka Ni Mmoja Tu

Ndege ilikuwa juu ya Bahi, ikirudi Dodoma kutoka Tabora, Kapteni Joel Matonya alipozinduka na kukuta kidevu chake kimelala kifuani. Haraka akatazama vipimo. Mwinuko sawa, mafuta sawa. Mtambo wa kujiendesha ulikuwa umeishika ndege vizuri kuliko yeye. Akamgeukia Lydia, rubani wake msaidizi, amshukuru kwa kumshikia zamu. Lydia naye alikuwa amelala, mikono mapajani, mdomo wazi kidogo, kama muumini kwenye mahubiri marefu.

Walilala dakika ngapi, Mungu ndiye anayejua. Nyuma yao abiria tisa walikuwa wakipiga picha za majaruba ya mpunga.

Alimgusa bega. Binti akashtuka, akatazama vipimo, kisha akamtazama yeye. Walitua Dodoma salama. Abiria wa mwisho kushuka aliwapa mkono, akawashukuru kwa safari tulivu. Tulivu!

Asije mtu akadhani hawa walikuwa walevi au wazembe. Ilikuwa siku ya tano mfululizo wanaamka kabla ya jogoo. Na kazi yao, ukitaka kujua ukweli, ilikuwa kusubiri zaidi ya kuruka. Unawafikisha wageni mbugani alfajiri, unakaa chini ya bawa la ndege na mbung'o wako mpaka alasiri, ndipo uwarudishe. Kanuni husema rubani yuko kazini tangu anaporipoti hadi anapomaliza. Kampuni ilikuwa na hesabu yake: kukaa chini ya bawa ni kupumzika. Ili karatasi isigombane na kanuni, kila Jumatatu Anitha wa ofisini alileta fomu za saa za wiki nzima, zimeshajazwa, za siku ambazo hazijafika, na Matonya akiwa rubani mkuu akasaini zake na za Lydia. Hebu fikiri, mtu anasaini Jumatatu kwamba Alhamisi alilala vizuri! Lakini ujinga ukirudiwa kila wiki kwa miaka sita, watu huuita utaratibu.

Mchana huo Luka, meneja wa safari, aliingia ofisini kwake akamkuta Matonya amekaa na chai iliyopoa.

"Kapteni, kuna wageni saba wa Mpanda. Saa nane. Kwenda na kurudi."

"Siendi, Luka. Nimechoka. Na kanuni inaniruhusu kukataa."

Luka hakukasirika. Angekasirika ingekuwa afadhali. Alifungua faili taratibu, akageuza kurasa, akaweka kidole. "Jana umepumzika kwa muda wa saa kumi na moja. Hii saini ya nani?"

"Saini ni yangu. Usingizi sikuupata."

"Basi andika."

Akamsukumia karatasi tupu. Matonya akaandika kwa mkono wake kwamba leo amechoka kiasi cha kutoweza kurusha ndege kwa usalama. Akatia saini na tarehe. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka sita kuweka saini chini ya jambo la kweli, na kwa muda mfupi alijiona mwanaume kamili. Rubani mwingine wa kampuni alikuwa Dar es Salaam kupimwa afya. Bila rubani hakuna safari. Wageni watalala Dodoma, na dunia haitaanguka.

Luka aliikunja ile karatasi, akaitia kwenye faili, akafungua mlango. "Lydia! Mpanda unakwenda wewe. Peke yako."

Matonya alikuwa amesahau! Mwezi uliopita yeye mwenyewe alimpima yule binti, akampendekeza aruhusiwe kurusha peke yake, akampongeza hata kwa soda.

"Huyo naye hajalala!" alisema akisimama.

"Karatasi zake ziko sawa. Umezisaini."

"Luka, nisikilize. Leo asubuhi tumelala wote wawili. Angani. Juu ya Bahi."

Luka aliifunga faili. Kisha akamgeukia Lydia aliyekuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. "Ni kweli? Ulilala ukiwa na abiria?"

Lydia alikuwa amebakiza wiki tatu kumaliza miezi yake ya majaribio. Kabla ya hapo alikaa miaka minne na leseni sandukuni, akiuza mitumba soko la Sabasaba, watu wakimtania kwa kumwita rubani wa magauni. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mimi sikulala, Kapteni," alisema.

Matonya alitaka kumlaumu, akashindwa. Alijua katika umri ule, na yeye angejibu hivyo hivyo.

"Basi nakwenda mimi. Nipe ile karatasi niichane."

"Umeandika mwenyewe kwamba huwezi," Luka alisema, mkono juu ya faili. "Nikikuruhusu sasa nitakuwa navunja sheria. Unataka nivunje sheria, Kapteni?"

"Nikae naye kiti cha pili tu."

"Aliyechoka haingii chumba cha rubani. Nenda kapumzike. Ni haki yako."

Aliyasema hayo kwa uso mkavu, utadhani sheria ameizaa yeye. Matonya alitoka nje, akaipigia simu ofisi inayosimamia marubani. Sauti ya upole ikamwambia malalamiko hupokelewa kwa maandishi, yakiambatana na fomu za saa za kazi zilizosainiwa.

Alimkuta Lydia akiizunguka ndege, akikagua mafuta.

"Mwanangu, kataa. Nitakutetea."

"Utanitetea kwa nani, Kapteni?" Hakuuliza kwa ubaya. "Wewe ukikataa, umechoka. Mimi nikikataa, siwezi kazi."

Miaka ishirini na sita angani, na alichobaki nacho Matonya kwa binti wa miaka ishirini na saba ni ushauri tu. Akamwambia anawe uso kwa maji baridi, na aongee na mnara wa kuongozea ndege kila mara, hata kama hana la kusema.

"Sawa, baba," alisema Lydia. Kazini hakuwahi kumwita hivyo.

Ndege ikakimbia, ikanyanyuka, ikageuka magharibi juu ya mabati ya Kizota. Matonya alikuwa bado ameshika uzio simu yake ilipoita. Alikuwa Mama Evodia wa Ipagala, mama yake Lydia.

"Mbukwenyi, Kapteni," alimsalimu kwa Kigogo. "Nampigia mwanangu hapatikani. Nimemwekea ugali na mlenda, aje ale alale. Jana karudi usiku mkubwa, kumekucha keshaondoka. Hata shuka halijakunjika."

"Yuko angani, mama."

"Tena? Jamani!" Mama akavuta pumzi, kisha sauti yake ikatulia. "Haya, si yuko na wewe? Ukiwa naye wewe sina wasiwasi kabisa."

Matonya aliitazama ndege inavyozidi kuwa ndogo.

"Kapteni? Si uko naye?"

"Hapana, mama," alisema. "Mimi wamenipumzisha."