Pipa la Mbuzi

Sisi tuliolelewa Kizanzibari hatuchanganyi mkate na taka, neema haitupwi. Kwa hiyo jengo letu hapa mtaani Ansab lilipokubaliana kuweka pipa la makombo, Jaifar, mfugaji wa jirani, awe anapita kuwachukulia mbuzi wake, mimi ndiye niliyepiga domo kuliko wote. Sharti lilikuwa moja: plastiki isiingie, mbuzi akiila hufa.

Wiki ya pili nikachungulia dirishani asubuhi, nikamwona Mildred, nesi Mkenya wa ghorofa ya juu, ameinamia pipa, mfuko wa nailoni mkononi. Nikajisemea, haya, kama wenzangu hawajali, mimi nijichoshe kwa lipi? Tangu siku ile nikawa nafunga kila kitu pamoja, mikate na vifuko, natupa humo humo. Na kwenye grupu la jengo nikaandika: "Kuna watu hawajui neema. Muulizeni wa juu."

Ijumaa iliyopita Jaifar alituita uani. Mbuzi wake kafa, tumboni kakutwa na nailoni.

"Nilikuaminini," alisema. "Sichukui tena."

Macho yote yakamgeukia Mildred. Akainamisha kichwa, akapanda zake ngazi. Nami nikamfuata, hasira zimenipanda.

"Hata haya huna?"

Akafungua mkoba, akanipa kifuko cha dawa zangu za presha, jina langu limeandikwa juu yake.

"Nilikitoa kwa pipa, Mama Badr. Huwa natoa plastiki kila asubuhi nikitoka kazini. Jumatano nilichelewa, nikapata Jaifar ashachukua."

"Na kwa nini hukunisema?"

"Nilidhani unasahau tu. Mtu anaongea hivyo juu ya neema, hawezi fanya makusudi."

Uso ulinishuka. Mfuko ule wa kwanza sijui ulikuwa wa nani. Iliyofuata ilikuwa yangu.

Nikateremka. Jirani zangu walikuwa bado uani. Nikakiinua kile kifuko.

"Jaifar, nailoni nnatia mimi. Si Mildred. Mimi."

Jaifar alilipakia pipa lake garini akaondoka nalo. Sasa mikate ya jengo zima inakwenda jaani pamoja na taka, na kila tukikutana ngazini Mildred ndiye anayeanza kunisalimu.