Chai Iliyokataa Kupoa

Msusi alikuwa ameanguka aljebra mara mbili, na sheria ya chuo haikuwa na huruma: akianguka ya tatu, afunge virago, uuguzi ausikie redioni. Ile x ilishamkodolea macho mpaka akaiota imekaa kwenye kiti chake cha saluni, inataka kusukwa.

Ndipo mwalimu mpya akawaambia, "Vitabu kando. Kila mtu akapime kitu kinachobadilika kwake, akitafutie mlinganyo, aje autetee hapa mbele."

Msusi akachagua chai. Mama mkwe wake alikuwa amekuja kuwasalimia, na chai ya mama yule si ya mchezo: nzi akikatiza kwenye mvuke wake, anatua ameiva. Msusi akaitia kiasi kwenye birika pale saluni, nyingine akaiacha kwenye chupa ya chai, akalifunika birika, akachomeka kipimajoto mdomoni mwa birika. Akawa anasuka wateja huku akichungulia. Joto likashuka mbio mwanzoni, kisha kwa kujivuta, na mlinganyo ukaufuata mstari wake kama kivuli. Kwa mara ya kwanza x ikamtabasamia.

Halafu chai ikapanda joto! Msusi alipogeuka kuuliza, mama mkwe alikuwa ameshaondoka zake.

Siku ya kutetea, jirani yake wa dawati akamnong'oneza, "Ifute hiyo nukta iliyoruka juu kwenye mchoro, shoga. Nani atajua?"

Mkono ulimwasha. Hakufuta.

"Dada," mwalimu akauliza mbele ya mchoro, "chai gani hii inajichemsha yenyewe?"

Darasa likacheka. Msusi akaigusa ile nukta kwa kidole.

"Haijajichemsha, Mwalimu. Mlinganyo unasema hapa ingekuwa nyuzi hamsini, nilikuta sitini. Chai ya kwenye chupa niliipima, themanini. Basi kuna mtu aliongeza ya chupa, nusu ya ile iliyokuwemo. Na ninamjua."

"Tuhakikishie."

Akapiga simu, akafungua spika.

"Shikamoo, mama. Siku ile uliligusa birika langu?"

"Marahaba. Sasa ningefanyaje, mwanangu? Unahangaika na vichwa vya watu, chai inakupolea hivihivi! Mle birikani mlikuwa na vikombe viwili, nikakuongezea kimoja cha kwenye chupa."

Kimoja juu ya viwili! Mwalimu alicheka mpaka chaki ikamponyoka.

"Umefaulu, dada. Nenda kauguze watu."

"Mama, nimefaulu!" msusi akapiga kelele, machozi yakimtoka.

"Unashangaa nini?" simu ikajibu. "Bila kile kikombe changu ungefaulu wapi?"