Shangazi wa Sura ya Nne

Siku niliyoacha kazi, mkuu wangu wa kitengo aliniuliza kama nimepata kwingine. Nikamwambia hapana, nakwenda kuandika.

"Kuandika nini?" akauliza, kwa sauti ile ile aliyoitumia siku mteja mmoja alipokuja kudai kwamba bomba lake linatoa vyura.

Nilikuwa idara ya maji, meza ya malalamiko. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiandika sentensi moja tu kwa namna mbalimbali: lalamiko lako limepokelewa na linashughulikiwa. Nikajiona nimeiva. Mtu anayeweza kuusema uongo mmoja kwa sura mia, riwaya itamshinda nini?

Mume wangu ni fundi wa mafriji. Hakunipinga. Aliuchukua mlango wa friji bovu, akaupigilia miguu minne, akaniwekea pembeni mwa kitanda na kuupangusa kwa kiganja. "Haya, Mwandishi, kazi kwako." Jina likaganda. Wiki haikuisha, hata muuza duka wa mtaani kwetu alikuwa akiniita Mwandishi, tena akiivuta silabi ya mwisho kama anayeita mbuzi.

Riwaya yangu ya kwanza ilikuwa nzito. Hata kwenye mizani ilikuwa nzito. Ilimhusu mwanafalsafa aliyeishi peke yake juu ya kilima, akitafakari. Sura ya kwanza alitafakari machweo, ya pili akatafakari uhuru, ya tatu akatafakari kwa nini anatafakari. Kufika ya nne nilikuwa nimechoka, mkono ukaniponyoka, nikamleta shangazi yake. Akakipanda kilima kile akihema na kulaani, akamkuta mtoto wa kaka yake hajafua shati tangu kitabu kianze, akamvua, akalifua, na huku analisugua akamweleza maana ya maisha kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele za watu. Nilimuua kwa homa mwishoni mwa sura hiyo hiyo. Alikuwa ananivurugia utulivu wa kitabu.

Nikapeleka mswada kwa wachapishaji. Wa kwanza hakujibu. Wa pili alijibu kwamba kazi yangu imepokelewa na inashughulikiwa. Sikuhitaji mkalimani.

Wa tatu akaniita. Ofisi yao ilikuwa juu ya duka la matairi, ngazi nzima inanuka mpira. Nilikuwa nimevaa gauni nililolishonesha kwa ajili ya harusi ya dada yangu, nikijua fika kwamba wapiga picha huenda wakawepo. Mhariri alikuwa mama mwembamba mwenye sauti ya kunong'ona, miwani yake imening'inia kifuani kwa mnyororo. Mswada wangu ulikuwa mbele yake, umelala kama mgonjwa.

"Keti, mama. Huyu mwanafalsafa wako anaumwa?"

"Hapana."

"Basi mbona hainuki?"

Nikaanza kumweleza kuhusu ukimya kama mtindo wa kisanaa. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akafungua sura ya nne.

"Na shangazi ni nani?"

"Wa kubuni tu."

"Umemuua."

"Ndiyo."

"Umemuua mtu pekee aliyekuwa hai." Akanisukumia mswada. "Mwache mwanafalsafa kilimani kwake. Mfufue shangazi. Ukimaliza, urudi."

Nilirudi nyumbani nimenuna mdomo unagusa kidevu. Nikamwambia mume wangu kwamba nchi hii haiijui sanaa. Alikuwa chini ya friji la watu, bisibisi mdomoni.

"Mimi pia nilimpenda shangazi," akasema.

"Kwani ulisoma?"

"Nilisoma sura ya nne."

"Na zile nyingine?"

Akajitia kutafuta nati iliyodondoka.

Sasa, shangazi yule hakuwa wa kubuni hata kidogo. Ni dada mkubwa wa baba yangu, mjane wa mtu aliye hai, kama anavyojiita mwenyewe, maana mumewe aliondoka zamani na katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kusema aliondokaje. Alikuwa matroni wa bweni la wasichana mpaka alipostaafu, na wanafunzi walimpa jina la Kengele, kwa kuwa kengele ya shule ilipoharibika hakuna aliyegundua. Anaishi vyumba viwili nyuma ya karakana ya seremala, na randa ya umeme ikinguruma huko nje, yeye hapandishi sauti. Randa ndiyo inayojitahidi.

Nikaanza kumtembelea kila alasiri, eti kumjulia hali. Nilijiona mjanja wa kutupwa. Akisema neno zuri, naomba ruhusa, naingia msalani, naliandika kwenye simu. Alikuwa anasema maneno mazuri mengi. Alasiri moja akaugonga mlango.

"Binti, tumbo limekuharibikia au unaandika?"

"Tumbo, shangazi."

"Basi toka nikupe dawa."

Nikanywa kikombe kizima cha kitu cheusi, kichungu kama nyongo, kwa ajili ya sanaa. Aliniangalia mpaka tone la mwisho, akakipokea kikombe. "Haya, sasa andika vizuri. Na usininenepeshe."

Kitabu kilitoka chembamba, na jina langu jalada la mbele. Kilikuwa kinamhusu shangazi anayezunguka nyumba za ndugu zake akiwapangia maisha. Mama yangu alikimaliza kwa mkao mmoja, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Ni yeye! Wifi mtupu!" Kisha akanishika mkono: "Usimwambie nimecheka."

Uzinduzi tuliufanyia kwenye ukumbi wa maktaba. Walikuja ndugu, majirani, wenzangu wawili wa meza ya malalamiko, na bwana mmoja aliyeingia kujikinga mvua. Nilikuwa nimeandaa hotuba juu ya nafasi ya mwandishi katika jamii. Nilipofika sentensi ya pili mlango ukafunguka, Shangazi akaingia na kofia pana ya kijani ambayo sikuwahi kuiona maishani mwangu.

"Endelea, endelea," akaniambia huku anawaondoa watu viti vya mbele. "Mimi sipo."

Niliendelea, lakini nilikuwa nahutubia visogo.

Ukafika wakati wa maswali. Yule bwana wa mvua akainua mkono. Je, huyu mhusika yupo kweli? Nikakohoa, nikaanza, "Mhusika wa kifasihi, kwa kweli, ni mjumuiko wa..."

Shangazi akasimama. "Nipo."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mezani kwangu nilikuwa nimepanga kalamu tatu za kutia saini, lakini foleni ilinipita kama maji yanavyopita jiwe, ikaenda kwake. Alitia saini vitabu vyote, herufi kubwa kama za bango: SHANGAZI. Mimi nilimshikia vifuniko vya kalamu.

Baada ya hapo simu yangu haikupumzika. Mtangazaji wa redio alinipigia, akanisifia kitabu kwa dakika nzima, kisha akaniomba namba ya shangazi. Nikampeleka studio mwenyewe. Nilikaa mapokezi nimepakata mkoba wake, na mlinzi akanionea huruma.

"Wewe ndiye msaidizi wake?"

"Mimi ndiye mwandishi."

"Ooh," akasema, na akaniletea maji.

Kwenye spika ya ukutani nilimsikia Shangazi akimpatanisha msikilizaji mmoja na mke wake, akimkemea mwingine arudi shule, na alipoulizwa kuhusu kitabu akajibu, "Mtoto amejitahidi."

Wivu ukanipanda. Mtu mzima na akili zangu, namwonea wivu shangazi wa baba mmoja na babangu, kwa sababu ya mambo yake mwenyewe. Nikajifungia na kuandika riwaya ya pili kwa hasira, bila shangazi, bila mama, bila hata jirani. Ilikuwa na mhandisi aliyesimama mbele ya daraja. Mhariri aliirudisha na kikaratasi kilichobandikwa juu: "Huyu naye hainuki."

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mimi walimsifu mtu mwingine na bado nikalitia maji. Nikarudi idara ya maji, nusu siku, kila asubuhi. Meza yangu alishapewa mwingine, nikawekwa karibu na mlango, mahali ambapo wateja hukufikia wakiwa bado wana moto. Kwa Shangazi nikaacha kwenda. Nilisema kazi zimenizidi.

Hatimaye akanipigia. Hakusalimia. "Ulichokitaka umekipata, ndiyo basi?"

Nilikwenda siku hiyo hiyo, nimejikunyata kama kifaranga kilichonyeshewa. Akanikaribisha chai kana kwamba hakuna kilichosemwa. Juu ya kabati niliiona nakala yangu, ile niliyomwandikia kwa mkono wangu. Nikaifungua. Kurasa zilikuwa bado zinang'ang'aniana.

"Shangazi, kitabu hujakisoma?"

"Macho, mwanangu. Mtoto wa jicho. Mwaka wa pili huu naona herufi kama wadudu."

"Na vyote vile ulivyotia saini, hujui kilichoandikwa ndani?"

"Bwana harusi anatia saini cheti. Anajua kilichomo ndani?"

Tukakubaliana nitamsomea. Kila alasiri nikitoka kazini nakwenda, navuta kiti karibu na dirisha, nasoma. Mhariri mkali nilidhani nimeshakutana naye. Kumbe bado. Unasoma sentensi uliyoihangaikia wiki nzima, na mwenye maisha yenyewe ameketi mbele yako anapepeta mchele.

"Rudia hapo," anasema. "Hiyo sentensi ina mkia. Ikate."

Naikata.

"Mimi sijawahi kusema 'laiti' tangu nizaliwe."

Nalifuta laiti.

Tukafika sura ya kumi na moja, mahali mume anapoondoka. Nilikuwa nimeiandika kwa machozi, na bila haya nakiri ndiyo sura niliyoipenda kuliko zote: mwanamke kaketi dirishani, analia mpaka pazia linalowa. Nilisoma kwa madaha, nikishusha sauti pale panapostahili. Nilipoinua macho, Shangazi alikuwa ameuweka ungo chini.

"Hapa hukuniuliza," akasema.

"Niliogopa."

"Ndiyo ukaamua nilie."

"Watu hulia, shangazi."

"Sikulia."

Akanisimulia. Hakupandisha sauti, na kwa mara ya kwanza ilinibidi nisogee ili nimsikie juu ya kelele za randa. Ilichukua muda wa chai kupoa. Ilikuwa hadithi bora kuliko yoyote niliyowahi kuibuni au kuiiba, na katikati yake kuna mahali nilicheka, kisha nikaona aibu kwa kucheka, kisha nikamwona naye anacheka. Pazia halikuwepo kabisa. Nyumba ile haikuwa na mapazia.

Alipomaliza akauokota ungo. "Hiyo usiiandike."

"Shangazi..."

"Nimekupa mdomo wangu. Nimekupa mwendo wangu na matusi yangu yote. Hiyo niachie."

Nilimwitikia, lakini vidole vilinitekenya njia nzima. Nikawaza kumbadilisha mke awe mume. Nikawaza kuipeleka nchi ya baridi. Nikafikia hata kuwaza kumrudisha mwanafalsafa, aiseme yeye. Nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba Shangazi kanieleza jambo.

"Jambo gani?"

"Siwezi kusema."

Akaacha friji wazi, akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe?"

Kitabu kilipokwenda kuchapishwa tena nilimwomba mhariri sura ya kumi na moja niipunguze. Nililitoa pazia na kila lililolowa. Sasa ina ukurasa mmoja na nusu: mume anaondoka, na asubuhi Shangazi anafagia uwanja. Msomaji mmoja aliniandikia kwamba hapo mwandishi ameonekana mvivu. Sikumjibu. Kujizuia kule kulinigharimu kuliko riwaya zote mbili.

Lakini siku ile yenyewe, baada ya kuniambia nimwachie, Shangazi alipeperusha pumba, akaniambia, "Mbona umenyamaza? Endelea."

Nikafungua sura ya kumi na mbili, pale anapogombana na muuza mkaa mbele ya mtaa mzima. Nilisoma ukurasa mmoja, nikamsikia anachekea puani, kisha mabega yakaanza kumtikisika, na mchele ukaanza kumwagika sakafuni.

"Hapo umebania chumvi," akasema alipopata pumzi. "Nilimwambia makubwa zaidi ya hayo. Chukua kalamu."